Meno ya Fundi wa Vyungu

Mwaka ule tulikula ming'oko mpaka taya zikauma. Mvua ilipiga sana, mihogo ikaozea ardhini, na unga wa ile michache tuliyookoa ulikuwa mweusi. Ukisonga ugali unanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Basi tukaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, tukachemsha, tukala asubuhi, tukala jioni. Na juu ya ming'oko kulikuwa na tangawizi. Kila nyumba tangawizi. Malimao yaliyokuwa yanaoza chini ya miti bila mwenyewe, mwaka ule yalipata wenyewe. Watoto wanauita mwaka wa korona. Mimi nauita mwaka wa ming'oko na tangawizi, na kila aliyekuwa upande huu wa Madimba ananielewa.

Ndio mwaka ambao mjukuu wangu alirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja la nguo na begi moja la nyundo. Nyundo, wallahi. Chuo kimefungwa, wanafunzi wametawanywa, wenzake wanarudi makwao na vitabu, wa kwangu karudi na vyuma kama fundi wa gereji. Alikuwa anasoma digrii ya pili, ya mawe na udongo. Majirani wakaniuliza, "Mtoto wa kike, miaka yote hiyo, anasomea mawe? Mawe si yanaonekana?" Nikawajibu, "Yanaonekana, na nyie mmeyaona. Haya, niambieni yalizaliwa lini." Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini mdomo sikuuacha huko.

Ila sikukaa hapa kumwandika mjukuu. Mjukuu ana vyeti vya kumsemea. Namwandika mwanamke asiye na hata kimoja, jirani yangu, fundi wa vyungu. Jina lake silitaji, hapendi, na hapa kijijini halitumiki. Kwa wakubwa ni Fundi, kwa watoto ni Bibi Fundi. Kazaliwa na nani, ukoo gani, sina haja. Najua alivuka Ruvuma kutoka ng'ambo akiwa bado msichana, na mimi nilipoolewa kijijini hapa nilimkuta mikono yake imeshajaa udongo.

Kiswahili chake kimekaa puani. Anasema nkono, anasema nchanga, anasema ntoto. Mjukuu wangu alipokuwa mdogo alimwigiza mbele za watu, "Ntoto, nawa nkono!" nikampiga kofi. Kusema kweli sisi wote wa huku tunasema hivyo hivyo, ila akija mgeni tunajikaza midomo. Fundi hajikazi kwa mgeni. Alikuja mkubwa mmoja wa serikali kutazama vyungu, akamwambia, "Baba, ndoo ya maji ile pale, nawa nkono kwanza." Mkubwa akanawa.

Watu husema mfinyanzi hulia gaeni. Fundi akisikia anacheka. "Mimi nalia kwenye melamini," anasema, na ni kweli. Vyungu anafinyanga, lakini wali wake anapika kwenye sufuria na kula kwenye sahani ya maua. Siku moja nikamwambia, "Fundi, wewe mnafiki. Unatuambia mboga ya chunguni tamu." Akasema, "Tamu, ndiyo. Lakini nikikitazama kinaungua motoni nahurumia. Wewe ungempika mwanao?"

Huruma hiyo kwa vyungu tu. Kwa wateja hana. Kuna mwanamke alikuja kubembeleza bei, akakigonga chungu kwa kucha, akasema kina ufa. Hakikuwa na ufa. Fundi akakichukua taratibu, akakibwaga kwenye jiwe, akasema, "Sasa kina ufa. Chukua bure." Mwanamke yule aliondoka bila chungu. Kesho yake Fundi huyo huyo akampelekea chungu kipya nyumbani kwake, akakiacha mlangoni, hakubisha hodi.

Na anaogopa vyura. Mtu maisha yake yote kwenye matope, akiona chura anaruka kama kibinti. Tulimcheka miaka na miaka. Nilikuja kujua baadaye kwa nini, nikaacha kucheka.

Udongo wake anaufuata peke yake alfajiri, baada ya kuswali. Anaondoka na ndoo na jembe la mpini mfupi, na anachukua unga kidogo kwenye pindo la kanga. Ukimuuliza unga wa nini, anasema wa siafu. Anakwenda kwa njia moja, anarudi kwa nyingine. Mume wake, Mungu amrehemu, alikufa hajui shimo liko wapi. Akirudi anakata kidonge cha udongo, anakitia mdomoni, anakitafuna kwa meno ya mbele huku amefumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. Halafu anatema na kutoa hukumu.

"Nchanga unalia menoni," anasema. "Tope zuri linanyamaza."

Mwaka ule wa korona vyungu vyake vilitafutwa kuliko chumvi. Kila mtu anapiga nyungu: majani yanachemshwa chunguni, unajifunika blanketi, unavuta mvuke. Walikuja hadi watu wa mjini. Kuna kijana mmoja alisema, "Bibi, nataka chungu chenye nguvu." Fundi akamtazama. "Nguvu ya nini?" "Ya kufukuza ugonjwa." Akamwambia, "Mwanangu, nguvu zikiwepo ni za mapafu yako. Hiki chungu. Kinachemsha maji." Jirani mwingine akamshauri awe anasema ana maneno anayoyanuizia kila anapofinyanga, wateja wataongezeka. Fundi alimfukuza na fagio. Na alipopita nyumba moja na kukuta watu watatu chini ya blanketi moja, mmoja anakohoa, alisimama uani na kupiga kelele mpaka watoke. Watu walisema ana roho mbaya. Hana. Ila hawezi kusikia uongo ukitajwa pamoja na chungu chake.

Mwaka huo huo mdogo wangu alifariki mjini Mtwara. Kifua kilibana siku nne, basi. Tulizika haraka, wachache, na matanga hayakuwa matanga. Watu walitupa pole kwa mbali kama wanaoita ng'ombe. Fundi alikuja akakaa uani kwangu, mbali na mkeka, kanga imefunika mdomo na pua. Alikuja na donge la udongo, akakaa anafinyanga mtungi mdogo kutwa nzima, na mimi nikakaa namtazama mikono. Siku tatu hivyo. Ule mtungi ninao. Maji yake baridi mpaka leo, na kila nikinywa nasema alhamdulillah kwa mambo mawili, maji na yule aliyekaa nami.

Sasa nirudi kwa mjukuu.

Kazi yake aliyotumwa na chuo ilikuwa kujua mdomo wa Ruvuma ulikuwa wapi zamani za kale, kabla ya sisi wote. Alinieleza hivi: mto unamwaga mchanga, bahari inaleta makombe ya chaza, tope linatulia juu yake, na miaka inapanda tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini. Ukichimba ukazisoma, unajua mto ulipita wapi na bahari ilifika wapi. Fundi alipoelezwa alisema, "Kwani hilo la kusoma? Nto kama nlevi, haulali kitanda kimoja." Mjukuu akafungua daftari, akayaandika.

Lakini ilikuwa aje na gari la chuo, wenzake wanne, na chuma kirefu cha kutobolea ardhi. Gari halikuja. Chuma kilifungiwa stoo. Baadaye vyuo vikafunguliwa, gari bado halikuja, na mwalimu wake akampigia simu: kama kiangazi kitakwisha hana sampuli, atafute kazi nyingine ya kuandika, aanze upya. Mwanangu mkubwa, baba yake mkubwa, akasikia. Akasema mbele yangu, "Basi Mungu kasema. Umri unakwenda. Arudi tumtafutie mume, mawe hayazai." Mjukuu wangu aliinuka. Alikwenda kukaa nyuma ya choo akalia, akidhani simsikii.

Kabla ya simu hiyo kulikuwa na jambo moja, na hilo ni dhambi yangu, nalisema wazi.

Alikuwa akienda kwa Fundi kila siku, amefunga barakoa, anakaa mbali, wanaongea udongo. Siku moja akaona kwenye donge la Fundi makombe ya baharini, madogo kama chawa. Akapiga kelele kama kaokota dhahabu. Fundi akapenda ile kelele. Alfajiri iliyofuata alimletea madonge saba kutoka shimoni kwake, kayapanga kwenye ungo kwa mpangilio wa kule chini: la juu, linalofuata, mpaka la mwisho jeusi lenye harufu ya mkoko. Mjukuu akauweka ungo jikoni kwangu kivulini, akaenda mjini kutafuta mifuko ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika.

Na mimi? Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi. Ukuta wa jiko umebanduka, nimekuta udongo safi, mbichi, umekandwa, umewekwa kwenye ungo kana kwamba nimeletewa zawadi. Nikasema Mungu si Athumani. Nikachanganya yote saba na maji, nikakandika ukuta ukang'aa kama shavu la bibi harusi.

Aliporudi akauona ungo mtupu, akauona ukuta. Akakaa chini pale pale na mifuko yake. "Bibi," akasema, "ile ndiyo ilikuwa digrii yangu."

Nilikwenda kwa Fundi mwenyewe, kichwa chini. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika nguzo. "Umenkandika njukuu wako ukutani!" Akacheka tena, akafuta macho. Halafu akaona mimi sicheki, akanivutia kigoda.

Simu ya mwalimu ilipokuja, mjukuu akataka yeye mwenyewe apelekwe shimoni. Alikuja na simu yake inayosoma mahali ulipo. Akapiga magoti, akasema kwa adabu, "Bibi Fundi, madonge peke yake hayatoshi. Inatakiwa ramani. Bila kuonyesha yametoka wapi, mwalimu atasema huu ni udongo tu."

"Si ni udongo tu?" Fundi akasema.

"Nitaweka alama moja. Kidoti kimoja tu kwenye karatasi."

Fundi akaacha kufinyanga. Hapo ndipo aliposimulia. Shimo lake la kwanza alionyeshwa na mama mkwe wake. Akaja kijana mmoja wa kampuni ya barabara, mpole, ana daftari, anamwita mama. Akaomba kuona udongo. Akamwonyesha. Kijana akaandika tu, hakuchukua hata kidonge. Mwezi uliofuata yakaja malori, siku tatu, yakazoa mlima wote wa udongo, ukaenda kujazia barabara. Mvua iliponyesha, shimo likawa ziwa. "Nilikwenda na ndoo yangu," akasema, "nikakuta vyura. Vyura watupu. Wananitazama kama mimi ndiye mgeni."

Kumbe miaka yote tunamcheka.

Mjukuu akasema pole, akasema yeye si mtu wa barabara. Fundi akamwambia, "Najua. Na yule hakuwa mbaya. Daftari ndilo lililokwenda kwa wengine." Akanawa, akamshika bega, korona na yote. "Nkono nitakupa, njia sikupi."

Nilidhani ni njia ya heshima ya kumfukuza mtu. Nilinuna. Nilisema njiani, huyu mama bahili, nilimlisha ming'oko yangu. Mungu anisamehe.

Asubuhi ya tatu alikuja kwangu na jembe lake. Akasema, "Tabaka haliishi shimoni kwangu, ardhi haina ukuta. Litakuwa limepita na kwenu." Akaanza kutembea kwenye shamba langu la mikorosho. Anachimba kishimo cha kina cha mkono mmoja, anauma, anatema, anasonga mbele. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Akatema kwa hasira: "Huu umekula salfa!" Akachimba zaidi. Mjukuu anamfuata na daftari.

"Bibi Fundi, hata sisi tunafundishwa hivyo," akasema. "Kuuma. Mchanga unakwaruza, tope laini halikwaruzi. Ila tangu korona tumeambiwa tusitie kitu mdomoni."

"Basi wewe funga mdomo wako," Fundi akasema, "mimi nitakuwa meno."

Siku mbili aliuma shamba langu. Siku ya pili mchana, chini ya mkorosho alioupanda marehemu mume wangu mwaka tuliooana, akauma, akafumba macho. Halafu akamwita mjukuu kwa kidole. "Huu. Huu ndugu yake ule wa donge la tatu. Chimbeni."

Mwanangu mkubwa akasema haiwezekani, mkorosho ule unazaa, mizizi itakatwa. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekandika digrii ya mtoto ukutani. Chimba." Alichimba, kwa kununa kwanza. Fundi alisimama juu akimwelekeza kukata ngazi, asichimbe wima kama kisima, ukuta utamfunika. Shimo lilipofika kifuani tukaona mstari wa kwanza. Lilipopita kichwa tukaiona yote saba, imelala kama alivyoipanga kwenye ungo, na ile nyeusi chini na harufu yake ya mkoko, hapo shambani kwangu, bahari huioni hata ukipanda mti. Mwanangu akaweka kiganja kwenye makombe yale. "Kumbe tunalima baharini," akasema. Habari ya mume sikuisikia tena.

Kidoti kikawekwa. Kiko kwenye shamba langu. Mkorosho ulikauka mwaka uliofuata, nikapika kwa kuni zake, sikulia. Mjukuu wangu akamaliza, akavaa joho, sasa anafundisha wengine huko huko chuoni. Kitabu alichoandika ninacho, kinene, kimefungwa kwenye nailoni. Ukurasa wa mwanzo kamshukuru bibi yake kwa shamba, na mstari wa chini yake kamshukuru fundi wa vyungu kwa meno. Jina hakuweka. Alimuuliza, akakataliwa. Na ukuta wa jiko sijaukandika tena. Wageni nawaonyesha, nawaambia ile ni nakala ya kwanza.

Fundi sasa amezeeka. Macho yameingia ukungu, na meno yamekwenda moja moja, la mwisho liling'oka kwenye muwa, akaliweka mfukoni kama mtu aliyeokota kifungo. Nilianza kumsikitikia moyoni. Fundi asiye na meno atajuaje udongo? Na atakwendaje shimoni, miguu yenyewe hiyo? Nilijisemea vyungu vimekwisha kijijini.

Mwaka huu, baada ya Ramadhani, mjukuu alikuja likizo. Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Nikachota uji, nikaenda nao kwa Fundi. Uani nikaona nyayo za tope. Mbichi, na si za Fundi. Fundi anaburuta mguu wa kushoto. Nikasikia sauti.

"Huu je?"

"Unalia, Bibi Fundi. Kidogo sana."

"Weka pembeni. Na huo?"

Nikachungulia. Mwalimu wa chuo kikuu kakaa chini, kanga imefungwa kifuani, matope mpaka magotini, ndoo pembeni yake, amefumba macho anatafuna udongo.

"Huu umenyamaza," akasema.

"Lete."

Fundi akaupokea kwa viganja, akaanza kuuzungusha, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Kwenye pindo la kanga ya mjukuu wangu niliona weupe. Unga.

Nikaweka uji chini. "Ahaa! Kumbe umeonyeshwa! Tangu lini?" Nikaweka mikono kiunoni. "Mimi niliyekulea. Mimi niliyetoa mkorosho wa babu yako. Jirani yake miaka yote hii. Haya, kesho alfajiri mnanipeleka na mimi nikalione hilo shimo kabla sijafa."

Fundi akafunika ufizi kwa kiganja chenye udongo, mabega yanacheka. Mjukuu wangu akafuta mdomo, akasimama. Huyu ambaye akisimama mbele ya wanafunzi wake anasema mkono, anasema mchanga, anasema mtoto, Kiswahili kimenyooka kama kimepigwa pasi. Akanishika bega, akanitazama machoni.

"Nkono nitakupa, njia sikupi."